Sigara ya Kupimia Nywele

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, ingawa waliokuwa na haki ya kumwita hivyo ni watoto watano tu wa ndugu zake. Alikuwa na saluni ya vyumba viwili: cha mbele cha kusukia na kupakia dawa, cha nyuma cha kuoshea vichwa. Nyuma kabisa kulikuwa na mlango mdogo wa bati uliotokea uani, penye tangi la maji na kigoda kimoja. Kigoda kilikuwa chake peke yake. Alikikalia akivuta sigara kwa miaka ishirini na sita, na kama kungekuwa na haki, kigoda kile kingeshapewa kiinua mgongo kikastaafu.

Usidhani alivuta ovyo. Shangazi alivuta kikazi. Akishampaka mteja dawa ya kulainisha nywele, alivua glavu, akaenda uani, akawasha. Sigara ikiisha alinawa kwa sabuni, akasukutua kinywa, akarudi ndani, na hapo dawa ilikuwa tayari. Haijazidi ikamchoma mtu ngozi, haijapungua ikaacha nywele zimejikunja kwenye mizizi. Kwa kichwa sugu aliongeza mivuto michache ya sigara ya pili. Hakuna mteja aliyewahi kutoka pale na malalamiko, na wengine walivuka mitaa mitatu yenye saluni zenye vioo vikubwa kuliko chake ili waje kukaa kwenye kiti chake.

Shida ilianzia kwa mdogo wake wa mwisho, mwalimu wa hisabati, ambaye alikuwa akimsema kuhusu sigara tangu yuko darasa la saba. Mafigo ya Mwalimu yalikufa yote mawili. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara, na madaktari wakasema anahitaji figo la ndugu. Ndugu wakapimwa. Kaka mkubwa, asiyegusa hata chai ya rangi, hakufaa. Dada wa kati, anayekimbia kila asubuhi na kuwatangazia watu kwamba amekimbia, hakufaa. Akafaa Shangazi. Siku hiyo kila mmoja katika ukoo alikumbuka hotuba aliyowahi kumpa.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema hampeleki mvutaji chumba cha upasuaji kutoa figo. Anataka siku ishirini na nane bila hata mvuto mmoja, na siku ya mwisho atapima mkojo, ambao hauna tabia ya kumtetea mtu. Timu ya wapasuaji itakuwepo wiki hiyo tu; nafasi nyingine ni baada ya miezi minane. Akamtazama Mwalimu alivyokonda, akamtazama Shangazi, akasema kwamba yeye asingependa kuingoja hiyo miezi minane. Shangazi hakuhitaji kufafanuliwa.

Siku ya kwanza ilimdanganya. Aliponda pakiti mbili alizokuwa nazo, akazitupa kwenye pipa la taka, akaenda kazini kifua mbele. Kufikia saa nne alikuwa ameshawaambia watu sita kwamba ameacha. Saa tano mikono ikaanza kutafuta. Ilifungua droo bila ruhusa yake, ikapapasa mfuko wa aproni, ikaingia kwenye mkoba na kutoka. Mchana alijikuta ananyonya mkia wa kitana, na mteja anamwangalia kwenye kioo.

Muuguzi alikuwa amemwambia jambo moja akalishika: tamaa ikija haikai. Inapanda, inafika juu, inashuka, uvute usivute, na yote hayo ni dakika chache. Kazi yako ni kuingoja ipite. Shangazi alikuwa hodari wa kazi nyingi lakini kungoja haikuwa mojawapo. Alikunywa maji mpaka akachoka kwenda msalani. Alitafuna tangawizi mbichi mpaka ulimi ukafa ganzi. Aligombana na msusi, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tano katika chumba cha mbele, kwa sababu ya taulo. Kesho yake asubuhi akamwomba radhi, na mchana wakagombana tena kwa taulo lile lile.

Siku ya tatu balaa likapita mlango ambao hakuuwekea mlinzi. Alimpaka dawa fundi cherehani wa jirani, akavua glavu, akatoka uani, akakaa kwenye kigoda mikono mitupu. Akakaa. Akakaa sana. Aliporudi aliamini amekaa nusu siku, akamsuuza mama wa watu, nywele zikatoka nusu zimelala nusu zimesimama. Msusi ndiye aliyemwambia kwamba alikaa dakika nne tu. Mteja aliyefuata alimchelewesha kwa makusudi, kwa hofu ya kurudia kosa, mpaka mteja mwenyewe akainuka mbio kwenda bombani kichwa kinamwaka. Jioni ile mtaa ulikuwa na habari mbili. Ya kwanza ni kwamba Shangazi ameacha sigara. Ya pili ni kwamba mkono wake umeharibika.

Saa ilikuwepo ukutani, nzima, inatembea. Lakini ili imsaidie ilibidi ajue sigara yake ilikuwa dakika ngapi, na hesabu hiyo hakuwahi kuifanya. Maandishi ya kopo la dawa yalisema dakika nane hadi ishirini, kulingana na nywele, ambayo ni sawa na kutosema kitu. Isitoshe dawa yake aliichanganya mwenyewe na mafuta, kwa kipimo cha kiganja, na aliyejua nguvu yake ni yeye na sigara yake.

Ndipo akaingia mteja wa miaka mingi aliyefanya kazi ofisi ya bima, na kwa hiyo akaitwa Mama Bima, mwanamke asiyeishiwa maneno. Alikuwa na sherehe ya kazini wiki ijayo na hakuwa tayari kwenda na kichwa cha majaribio. Alisikiliza shida yote, akafungua mkoba, akaweka sigara moja mezani kati ya rola na shampuu. Aliinunua njiani.

“Sisemi uvute, Shangazi,” akasema. “Nasema upime. Moja tu, mimi nashika saa. Ukishazijua dakika zake huihitaji tena maisha yako yote.”

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na akili. Hata msusi, aliyekuwa ameshaapa kumfungia Shangazi mlango wa uani, aliinua macho, uzi mkononi, akaitazama saa ya ukutani. Shangazi akaichukua sigara. Akainusa urefu wake wote, na mate yakamjaa kinywani. Alimrudishia Mama Bima, si kwa ushujaa, bali kwa sababu alitaka kwanza kumwuliza mtu wa hesabu kama hakuna njia nyingine ya kupima.

Alimpigia Mwalimu akiwa kwenye mashine. Alimweleza mambo yote huku anacheka, ili yasionekane mazito: sigara ya kupimia, Mama Bima na saa yake. Mwalimu hakucheka. Nyuma yake mashine ilisikika ikivuma.

“Ni dakika kumi na moja,” akasema.

“Umejuaje?”

“Nilipokuwa sekondari nilikuwa nakuja kukusalimia hapo saluni. Kila nikija unaniambia nikae, unakuja sasa hivi, halafu unakwenda uani. Mimi nabaki natazama saa. Ni kumi na moja, dada. Ukiwa na kichwa sugu, kumi na tano.”

Shangazi alishikwa na haya mpaka masikio yakawaka. Alimwona yule kijana mwenye sare ya shule, ametoka mbali kwa miguu, amekaa kwenye benchi la wateja na mkoba wake magotini, anahesabu. Akasema tu kwamba basi anashukuru kwa jibu.

“Bado,” akasema Mwalimu. “Hizo kumi na moja za leo unakwenda kuzikalia na nani? Nipigie mimi. Nimefungwa hapa saa nne nzima, sina pa kwenda.”

Hivyo ndivyo Mwalimu alivyogeuka kuwa sigara. Shangazi akishapaka dawa alivua glavu, akatoka uani, akapiga simu, akasema kichwa ni cha namna gani, na Mwalimu akaanza kuangalia saa na kuongea. Mteja wa kwanza alikuwa yule yule fundi cherehani, ambaye nywele zake zilikuwa zimepumzishwa siku kadhaa na sasa zilipakwa kwenye mizizi peke yake. Kumi na moja zilipotimia Mwalimu akasema, “Suuza.” Nywele zikalala mpaka chini. Shangazi alimzungusha fundi cherehani kwenye kiti mara tatu ili kila aliyekuwepo aone, na msusi akasahau habari ya taulo.

Waliongea nini? Mwalimu alimsomea madaftari ya wanafunzi aliyoletewa kusahihisha, kwa kuwa hata akiwa mgonjwa hakuweza kuacha kalamu nyekundu. Kulikuwa na mmoja aliyekokotoa umri wa baba akapata kwamba baba ni mdogo kuliko mwanawe kwa miaka mitatu, kisha akapigia jibu lake mstari mara mbili. Shangazi alicheka uani peke yake mpaka jirani akachungulia. Walibishana nani alivunja kioo cha mama yao, kesi iliyokuwa na miaka thelathini na mitano, na kila mmoja akaleta ushahidi. Katika wiki mbili waliongea kuliko walivyoongea katika miaka ishirini, ambamo walikuwa wakikutana misibani na kuulizana hali.

Na pua ikarudi. Hili hakulitarajia. Asubuhi moja alifungua kopo la dawa machozi yakamtoka, akagundua kwamba ile harufu kali ambayo wateja waliikunjia pua miaka yote ilikuwapo kweli. Alinusa pazia la chumba chake cha kulala akalivua siku ile ile, akalifua mara mbili, maji yakatoka rangi ya chai. Siku ya kumi na mbili alipanda ngazi za benki bila kusimama katikati. Alifika juu, akageuka kuzitazama, akashuka, akazipanda tena, na mlinzi akamwuliza amepoteza nini.

Tamaa hazikuisha. Ziliendelea kumvamia hata saa ambazo hakukuwa na mteja, hasa baada ya chai ya asubuhi. Siku ya kumi na tano alipiga simu saa mbili kasoro, saluni haijafunguliwa.

“Kichwa cha nani hiki?” akauliza Mwalimu.

“Changu.”

“Laini au sugu?”

“Sugu.”

“Basi kumi na tano,” akasema, akaanza kumsimulia habari ya mwalimu mkuu aliyefungiwa stoo na funguo anazo yeye mwenyewe.

Siku ya ishirini na moja, kwenye kiti alikuwa Mama Bima. Sherehe yake aliiendea akiwa amesukwa, na sasa alikuwa amekuja kupakwa dawa, tena amemleta mwenzake wa ofisini aone maajabu. Shangazi alimpaka dawa mpaka utosini, akatoka uani, akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akapiga ya wifi yake, mke wa Mwalimu, aliyekuwa naye hospitali. Nayo ikaita bure. Ilikuwa siku ya mashine, na siku za mashine Mwalimu hajawahi kukosa kupokea. Shangazi akakaa kwenye kigoda.

Nyuma ya tangi, kwenye ufa wa ukuta, kulikuwa na sigara moja na kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuwa amevisahau pale. Siku aliyoponda pakiti alijua vipo, na siku zote ishirini na moja alijua vipo, na hakumwambia mtu yeyote. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja. Sigara ikawa mdomoni. Njiti ya kwanza ikavunjika. Alipoitoa ya pili alikuwa anajiambia kwamba kama mdogo wake amekwisha kufa, anajinyima kwa faida ya nani.

Njiti ikawaka, na hapo hapo akajisikia anachosema. Mtu hajampa habari yoyote. Alikuwa anamzika mdogo wake kwa mdomo wake mwenyewe ili apate ruhusa ya kuvuta. Alijichukia kwa namna ambayo hajawahi kujichukia. Akaitupa njiti, akaitoa sigara mdomoni, akafungua bomba na kuishika chini ya maji mpaka tumbaku yote ikatawanyika na kuingia mferejini, kisha akarudi ndani analia waziwazi.

Msusi alikuwa amekwisha tazama saa. Alisema zimepita dakika nne. Shangazi alisimama nyuma ya kiti, glavu mkononi, macho yamerudi kwenye mlango wa bati, na msusi akaona kwamba huyu akiachwa anyamaze atarudi uani.

“Nne ni mia mbili na arobaini,” akasema msusi. “Tuhesabu. Kwa sauti.”

Wakaanza mia mbili arobaini na moja. Mwanzoni walikuwa wawili. Kufika mia tatu Mama Bima akaingia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongoza mikutano, na mwenzake wa ofisini, ambaye alikuwa amekuja kukata ncha tu, akaona aibu kunyamaza peke yake. Wanawake wanne wakawa wanahesabu pamoja mchana kweupe na mlango wazi. Wapita njia wakasimama. Mmoja akauliza ni mchezo gani, asijibiwe. Kila Shangazi alipotaka kufikiria uani namba ilimvuta, na kila alipotaka kufikiria mashine namba ilimvuta, na kufika mia nne na kitu akaona machozi yamekauka na sauti yake ndiyo iliyo juu kuliko zote.

Mia tano na kumi na mbili simu ikaita. Mikono yake ilikuwa imeshaingia kwenye glavu, kwa hiyo msusi alimwekea simu sikioni. Alikuwa wifi yake. Shinikizo la damu lilimshuka Mwalimu kwenye mashine, akapoteza fahamu, wauguzi wakamkimbilia, na katika purukushani hiyo nani angetazama simu. Sasa ameamka. Amekunywa maji. Neno la kwanza aliloliuliza ni kama kuna kichwa kinamsubiri.

“Mwambie kipo,” akasema Shangazi. “Mwambie tunamalizia.”

Alipoinua uso hakujua hesabu imefika wapi. Mama Bima alijua. Kichwa kilikuwa chake na hakuwa ameiachia hata namba moja: alikuwa amefika mia tano tisini na sita, amefumba macho, hatikisiki. Wakamdaka hapo wakaenda naye mpaka mia sita na sitini, na Shangazi akamwinamisha kwenye beseni. Nywele zilitoka laini, zinang'aa, kila uzi peke yake. Mwenzake wa ofisini akasema kwamba na yeye anataka dawa, na anataka ihesabiwe hivyo hivyo.

Jioni alimpigia Mwalimu akamwambia habari ya ufa wa ukuta yote, bila kupunguza njiti hata moja. Mwalimu aliuliza kama sasa kuna ufa mwingine. Hakukuwa na mwingine.

Siku ya ishirini na nane waliingia kwa daktari pamoja. Shangazi alikuwa amevaa gauni ambalo fundi cherehani alimshonea, na hakuwa ameonja kitu tangu asubuhi kwa wasiwasi. Daktari alisoma karatasi, akaigeuza, akasema mkojo ni safi. Shangazi akaomba arudie. Daktari akarudia, akamwonyesha na kidole penye sifuri. Akainuka, akampa daktari mkono, akampa tena, akatoka nje ya chumba kwa sababu alihisi chumba hakimtoshi.

Mwalimu alimfuata mpaka kwenye benchi la ukumbini, akakaa karibu naye taratibu. Alikuwa anapinda ncha ya bahasha yake ya vipimo.

“Dada, nina jambo la kukwambia, na usinipige.”

Akamweleza. Siku ile ya kwanza, Shangazi alipotangulia kutoka, yeye alibaki na daktari. Alimwomba kwamba kipimo kikionyesha sigara, daktari asiseme. Aseme kwamba damu ya Mwalimu imebadilika, imelikataa figo, na hakuna wa kulaumiwa. Daktari alifikiri sana, mwisho akakubali.

“Nilijua utashindwa,” akasema Mwalimu. “Sikutaka unizike halafu ubaki unajilaumu.”

Shangazi alimnyang'anya bahasha, akainyoosha ile ncha. Hasira na kilio vilimpanda kwa pamoja.

“Ulijua,” akasema.

“Kwa hesabu zangu zote.”

Shangazi akasimama. Akamshika Mwalimu mkono, akamwinua, akarudi naye mpaka kwenye mlango wa daktari, akagonga. Daktari akafungua, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

“Daktari,” akasema Shangazi, “ule uongo aliouacha kwako mdogo wangu haukutumika. Mrudishie.”

Daktari alitazama chini. Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kicheko kikamgeuka katikati kikawa kilio. Shangazi alimfuta uso kwa kiganja, kama alivyokuwa akimfuta zamani mama yao akiwa kazini, akamwambia anyamaze, watu wanatazama, na yeye mwenyewe machozi yanamdondoka kidevuni. Kisha wakashuka ngazi polepole, wameshikana mikono, wakaenda dirisha la mapokezi kuandikisha vitanda viwili.